Kiuno Kiko Wapi? Kujipima Mwenyewe Kabla ya Kushona

Msimu wa harusi ukikaribia, simu za mafundi cherehani hujaa namba. Ndugu mmoja yuko Mwanza, mwingine Muscat, wa tatu Minneapolis, na wote watavaa sare moja ya kitenge siku ya ndoa. Ujumbe unaomfikia fundi wa Kariakoo au wa Mombasa huwa mfupi: kifua 38, kiuno 34, hipsi 42, urefu 45. Kwa aliyeutuma, kazi imekwisha. Kwa fundi, maswali ndiyo kwanza yanaanza. Kiuno hicho kimepimwa juu ya kitovu, au pale mkanda wa suruali unapokaa? Urefu umeanzia kwenye mfupa wa shingo au juu ya bega? Aliyepimwa alikuwa amevaa nini? Fundi mwenye kazi ishirini mezani hana muda wa kumuuliza kila mmoja, kwa hiyo hukisia, na makisio hayo ndiyo yanayofuatwa na mkasi. Nguo ikifika inabana, mteja humlaumu fundi, fundi naye humlaumu mteja, ilhali mara nyingi namba zenyewe hazikuwa na kosa. Kilichokosekana ni mahali. Ndiyo maana nasema anayejipima atumie muda mrefu zaidi kutafuta pa kuweka futikamba kuliko muda wa kusoma namba, na kila namba anayoiandika aiandikie na mahali ilipotoka.

Lugha yetu ni karimu mno katika kuutaja mwili. Mkono huanzia begani ukaishia kwenye ncha za vidole. Mguu ni paja, ni goti, ni unyayo pia. Kiuno ndicho kinachosumbua kuliko vyote. Mwanamke hufunga kanga kiunoni, lakini si pale anapokaza mkanda wa jinzi, na mcheza ngoma akisifiwa kwamba ana kiuno, kinachosifiwa ni nyonga nzima. Katika mazungumzo hakuna anayepotea kwa sababu hiyo. Fundi ndiye anayepotea, kwa kuwa kiuno cha gauni ni ule mstari mwembamba kati ya mbavu na nyonga, na kiuno cha suruali ni pale suruali inapokaa, ambapo panaweza kuwa inchi tatu chini yake. Kwa watu wengi, hasa wanawake wenye nyonga pana, mzunguko wa sehemu hizo mbili hutofautiana kwa inchi kadhaa. Ukimpa fundi wa gauni kiuno cha suruali, gauni litapwaya katikati na kukaa kama gunia. Ukimpa fundi wa suruali kiuno cha gauni, zipu haitafunga. Katika hali zote mbili ulisema kweli, na futikamba nayo ilisema kweli.

Njia ya kukipata kiuno cha gauni haihitaji utaalamu. Chukua lastiki nyembamba, ile inayowekwa kwenye sketi, uifunge tumboni bila kuikaza. Inama upande wa kulia, kisha wa kushoto, zungusha mwili kidogo, nyanyua mikono na kuishusha. Lastiki itatembea yenyewe hadi mahali ambapo mwili unajikunja, ikatulia hapo. Hicho ndicho kiuno chako, hata kama tumbo ni kubwa na hakuna sehemu yoyote inayoonekana kuwa nyembamba. Usiivue. Iache ikae mpaka umalize vipimo vyote, kwa sababu vipimo vingi vya urefu huanzia au kuishia hapo: kutoka mfupa wa shingo hadi lastiki kwa nyuma, kutoka bega kupitia ncha ya titi hadi lastiki kwa mbele, kutoka lastiki hadi sehemu pana ya makalio, kutoka lastiki hadi goti au kifundo cha mguu. Wanaopima kila kimoja kwa kubahatisha kiuno upya hupata vipande visivyoungana, na gauni linalotokana na vipande hivyo huwa na kiuno kimoja mgongoni na kingine tumboni.

Alama nyingine zitafutwe kwenye mifupa, maana nyama husogea na mfupa haubadilishi makazi. Inamisha kichwa mbele, upapase chini ya shingo kwa nyuma: mfupa unaojitokeza kuliko mingine ndio mwanzo wa urefu wa mgongo. Nyanyua mkono pembeni hadi ulingane na bega. Kibonde kinachojitokeza juu ya kiungo ndicho mwisho wa bega, na mkono wa nguo unaanzia hapo. Wataalamu nao hufanya vivyo hivyo. Kiwango cha kimataifa cha vipimo vya mwili kwa ajili ya nguo, ISO 8559, hutaja kwanza alama za mwilini na namna ya kuzipata, ndipo kieleze vipimo vyenyewe. Ukishaziona alama hizo, zitie nukta kwa kalamu ya wino unaofutika. Ni jambo dogo linaloweza kuonekana la kitoto, lakini mtu aliyejitia nukta tano atapima kiuno leo na wiki ijayo akapata jibu lilelile, na kipimo kisichoweza kurudiwa hakimsaidii fundi.

Kifua cha mwanamke kipimwe mara mbili: juu ya ncha za matiti, futikamba ikiwa imelala sawa hadi mgongoni, na chini ya matiti, pale sidiria inapofunga. Heshima huwafanya wengi waandike "kifua" tu na kuishia hapo, lakini wanawake wawili wenye kifua cha 38 wanaweza kuwa na miili isiyofanana hata kidogo, mmoja akiwa na mgongo mpana na matiti madogo, mwenzake mgongo mwembamba na matiti makubwa. Gauni la mmoja halitamkaa mwingine, na namba moja haiwezi kulionyesha hilo. Vaa sidiria utakayovaa na nguo hiyo, kwa kuwa sidiria tofauti hupandisha au kushusha titi na hubadili urefu wa mbele pamoja na mzunguko. Makalio nayo yapimwe pale yanapojaa zaidi ukitazamwa kwa ubavu, ambapo kwa wengi ni kati ya inchi saba na tisa chini ya lastiki. Andika na umbali huo. Sketi nyingi zinazopanda juu kila mwenye nazo anapotembea zimeshonwa kwa mzunguko sahihi uliowekwa mahali pa juu mno. Mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko, husahaulika kabisa, na hapo ndipo gauni la kitenge linapomtesa mvaaji. Kitenge ni pamba iliyofumwa, hakinyumbuki kama fulana, na mkono uliobana kwenye msuli utakufanya ushindwe kumkumbatia bibi harusi.

Sasa lile linalobishaniwa zaidi: nafasi. Nguo isiyonyumbuka lazima izidi mwili, la sivyo mvaaji hapumui wala hakai. Gauni la kitenge la kubana huhitaji takriban inchi mbili zaidi ya kifua, inchi moja kiunoni na mbili kwenye makalio; shati la kiume la kawaida huzidi kifua kwa inchi nne na zaidi. Swali ni nani anaongeza nafasi hiyo. Wengi wamefundishwa kuweka vidole viwili chini ya futikamba ili nguo isibane. Nia ni njema, lakini matokeo ni mabaya, kwa sababu vidole havina kipimo maalumu. Vya mmoja vitaongeza nusu inchi, vya mwingine zaidi ya inchi, na fundi asiyejua kwamba umeviweka ataongeza nafasi yake juu ya yako. Hapo unapata shati lenye mabega ya mtu mwingine. Upande wa pili wako wanaovuta tumbo ndani, au wanaoikaza futikamba mpaka ngozi inaingia, kwa matumaini ya kupungua kabla ya sherehe. Pima mwili kama ulivyo: simama wima, pumua kawaida, futikamba iguse ngozi bila kuibana na uweze kuitelezesha. Nafasi mwachie anayekata, maana ndiye anayejua kitambaa na mshono, na mwandikie wazi kwamba vipimo ni vya mwili mtupu na havijaongezwa chochote.

Kuna kipimo kimoja ninachokithamini kuliko ushauri wote wa vidole viwili. Baada ya kupima makalio ukiwa umesimama, kaa kwenye kiti kigumu, upime tena. Namba itapanda kwa inchi moja, mbili, wakati mwingine zaidi, kwa kuwa nyama hutandazika. Tofauti hiyo ndiyo nafasi ya chini kabisa ambayo sketi yako ya kubana inahitaji, na imetoka mwilini mwako mwenyewe badala ya kutoka kwenye kanuni ya jumla. Fanya vivyo hivyo na mkono: pima kutoka bega hadi kifundo ukiwa umekunja kiwiko, kisha ukiwa umeunyoosha. Koti lililopimwa kwa mkono ulionyooka hupanda kila ukishika usukani.

Wapo watakaosema shida yote hii haina maana katika zama za herufi na namba zilizochapwa kwenye lebo. Ukijua wewe ni M au 14, nunua. Historia ya lebo hizo yenyewe inawapinga. Mwaka 1939 na 1940, Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, chini ya Ruth O'Brien na William Shelton, na matokeo yakachapishwa mwaka 1941. Takwimu zilizotumika zilikuwa za wanawake Wazungu tu. Kiwango cha saizi kilichotangazwa nchini humo mwaka 1958 kiliegemea kazi hiyo, na hata waliokitunga waliona namba moja ya kifua haitoshi, wakaiongezea herufi za kuonyesha ufupi au urefu wa mtu na alama za wembamba au unene wa nyonga. Wauzaji hawakuona sababu ya kubeba mzigo huo wote, na mwaka 1983 kiwango kikaondolewa. Tangu hapo kila kampuni hupanga saizi inavyotaka. Gauni lenye 12 ya Uingereza ni karibu sawa na 8 ya Marekani, na suruali iliyoandikwa 34 inaweza kupimwa kiunoni ikakutwa ina 36. Anayechagua mitumba Gikomba au Ilala anakutana na lebo za nchi nyingi katika rundo moja, na nyingine zimefutika au zimekatwa. Huyo hana wa kumwamini zaidi ya futikamba iliyo mfukoni. Alaze vazi juu ya meza, alipime upana kutoka mshono hadi mshono, azidishe mara mbili, alinganishe na mwili wake uliojumlishwa nafasi. Nusu dakika inatosha, na inaokoa aibu ya kujaribu nguo hadharani.

Hoja nzito zaidi ni ya fundi mzoefu. Wapo mafundi wanaomtazama mteja mara moja wakajua mabega yake, na wengine hawahitaji hata kuandika. Sina sababu ya kuupinga ujuzi huo. Umejengwa kwa miili maelfu. Lakini jicho hilo huhitaji mwili mbele yake, na hapa tunamzungumzia mtu aliye mbali. Tunamzungumzia pia mwanamke anayeona haya kushikwa na fundi mwanamume, au ambaye dini yake haimruhusu. Mara nyingi hupimwa juu ya baibui na gauni la ndani, kwa haraka, fundi akigeuza uso, kisha yeye ndiye anayebeba hasara ya nguo iliyopwaya. Akija na karatasi ya vipimo alivyovichukua nyumbani kwa utulivu, akisaidiwa na dada au binti yake, haya yake imelindwa na fundi amepata kitu bora kuliko makisio ya juu ya baibui.

Wengine husema: mpe fundi nguo inayokukaa vizuri, aifuatishe. Huu ni ushauri mzuri, na kwa shati au suruali ya kawaida nauunga mkono. Una mipaka miwili tu. Nguo uliyoizoea imeshatanuka magotini na kwenye viwiko, na inawezekana imerudi urefu kwa kufuliwa. Wa pili ni kitambaa. Sampuli ya kitambaa kinachonyumbuka inaweza kuwa na kifua kidogo kuliko chako na bado ikakukaa vizuri, lakini ukiikata hivyo kwa kitenge, hutaivaa. Sampuli na vipimo viende pamoja, na viwili hivyo vikipingana, fundi aulize.

Dera nalo hutajwa, kwamba Mombasa nzima hulivaa bila kupimwa. Ni kweli, na ndiyo busara ya vazi hilo: limekatwa pana mno kiasi kwamba mzunguko haujalishi. Hata hivyo urefu unajalisha, na shingo inajalisha. Kanzu iko karibu na hapo. Kanzu za dukani huuzwa kwa namba kama 54, 56, 58 na 60, ambazo ni urefu kwa inchi, kwa hiyo mwanamume anayejua umbali kutoka juu ya bega lake hadi kifundo cha mguu amemaliza sehemu kubwa ya kazi. Vazi likiwa pana, vipimo vichache vinatosha. Likisogea karibu na mwili, kila kipimo kinachokosekana kinaonekana.

Na mwili unaobadilika je? Asubuhi tumbo ni dogo, jioni baada ya chakula limeongezeka. Wanawake wengi hujaa kifuani na tumboni siku za kukaribia hedhi. Mtu hupungua kimo kwa kama sentimita moja kutoka kuamka hadi kulala, kwa kuwa diski za uti wa mgongo hubanwa na uzito wa mchana. Haya yote ni kweli, na yanadai upime wakati unaofanana na wakati wa kuvaa. Nguo ya sherehe ya usiku ipimwe jioni. Pima kila sehemu mara tatu, na uchukue namba ya katikati. Zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, usitafute wastani. Rudi ukaangalie alama zako, kwa sababu katika dakika tano mwili haujabadilika. Futikamba ndiyo iliyohama.

Kuhusu futikamba yenyewe, machache. Ya zamani hutanuka, kwa hiyo ilinganishe na rula ya shule ya sentimita 30. Hakikisha unasoma upande ulioanza nao, kwa sababu inchi na sentimita hutazamana migongo na katika nyingine huanzia ncha tofauti. Inchi kwenye futikamba imegawanywa mara nane, na hapo huzaliwa kosa ambalo sijaliona likizungumzwa vya kutosha: mtu huona mistari mitano midogo baada ya 36 akaandika 36.5, ambayo fundi huisoma kuwa thelathini na sita na nusu. Ama andika "36 na mistari 5", ama tumia sentimita na uandike "sm" mbele ya kila namba. Inchi moja ni sentimita 2.54, na fundi anaweza kubadilisha mwenyewe akijua umemwandikia nini.

Vipimo vingine huwezi kujichukulia peke yako, na ni afadhali kukubali. Upana wa mabega, upana wa mgongo na urefu wa mgongo vinahitaji mikono ya mwingine, kwa sababu ukinyanyua mkono kufika mgongoni, bega limepanda na kipimo kimeharibika. Kujipima hapa maana yake ni kusimamia upimaji: wewe unaonyesha nukta, mwenzako anashika futikamba, na kioo kinakuambia kama imelala sawa au imeshuka nyuma. Ikishuka nyuma, duara limekuwa la mshazari na namba imeongezeka bila mwili kuongezeka.

Ukimaliza, andika tarehe, aina ya kipimo, ulichokuwa umevaa, na mahali pa kila namba kwa maneno: "kiuno, kwenye lastiki, inchi 2 juu ya kitovu", "kiuno cha suruali, chini ya kitovu, pale mkanda unapokaa". Ongeza picha mbili, ya mbele na ya ubavu, ukiwa umevaa nguo iliyoshika mwili kwa staha unayoiona inafaa, kwa sababu bega moja lililoshuka au mgongo uliopinda hauandikiki kwa namba. Watoto wapimwe karibu kabisa na siku ya kukata. Kitambaa cha pamba kifuliwe kwanza, kipigwe pasi, ndipo kishonwe, maana kitenge na kanga hurudi mara ya kwanza vikiingia majini, na vipimo bora kabisa havitakusaidia kama nguo itapungua wiki ya pili.

Kisha mwombe fundi jambo moja kabla hajashika mkasi: akuandikie nguo itatoka na upana gani kifuani, kiunoni na kwenye makalio. Linganisha na vipimo vyako vya kusimama na vya kukaa. Kama makalio yako yakikaa ni 44 na sketi itatoka 43, mwambie leo, kitambaa kikiwa bado kizima. Mwambie pia aache inchi moja ndani ya kila mshono wa ubavuni, na asitupe vipande vilivyobaki.